Kwenda Kuhani kwa Meli ya Watalii

Tulilala Missouri City kwa binamu wa mkwe wangu, kwa sababu kutoka Arlington mpaka bandarini Galveston ni mbali na watoto walikuwa wanatapika kwenye gari. Asubuhi binti yangu akafungua begi langu alipunguze uzito, akakuta mifuko miwili ya sukari chini ya kanga zangu. Akakaa kitako kitandani, akaipakata yote miwili magotini.

"Mama, hii nini?"

"Sukari."

"Naona ni sukari. Ya nini? Huko melini chakula hakiishi, watu wanakula mpaka wanachoka."

"Si ya melini. Ni ya kuhani msiba."

"Kuhani wapi?"

"Jamaika."

Huyo binamu, mwanamke wa Moshi mwenye maneno yake, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye zulia.

"Mama yangu, unapeleka sukari Jamaika? Si ndiko yanakolimwa mashamba ya miwa? Ni sawa na mimi nibebe ndizi nipeleke Uchagani."

"Wewe ukifiwa nitakuletea chumvi," nikamwambia. "Kaa utulie."

Binti yangu hakucheka. Alikuwa amefanya zamu juu ya zamu kule hospitali ili anilipie safari ile, na mipango yote ilikuwa kichwani mwake imepangwa kama vyombo kabatini. Meli ingesimama Jamaika siku moja, asubuhi mpaka jioni, na yeye alikuwa ameshabuku watu wote twende kupanda maporomoko ya maji.

"Mama, mimi na wewe tulizungumza," akasema.

"Tulizungumza. Mimi sipandi maporomoko. Nina pole ya mtu, lazima niifikishe."

Hapo ndipo inabidi nirudi nyuma kidogo. Majina ya hawa watu wote ninayo kichwani, sijasahau hata moja, lakini siyaandiki. Wengine wako hai, na msiba wa mtu si kitu cha kutembeza.

Nilikuja Amerika kulea wajukuu. Nyumba yetu ya kwanza pale Arlington ilikuwa ya kupanga, ghorofa ya juu, ngazi ziko nje. Binti yangu nesi, mkwe wangu anafanya kazi za kompyuta, wote wanatoka jua halijachomoza. Watoto wakishapelekwa shule mimi nabaki na friji. Inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Nilizijua gari zote za pale uani kwa rangi zake, na sikumjua hata mtu mmoja anayeshuka ndani yake. Kwetu Tanga ukipita mlangoni kwa mtu bila kusema neno, huo ni ugomvi. Pale ukisema neno, ndio ugomvi.

Dada yangu mkubwa akafa, Muheza, wakati makaratasi yangu yako ofisini. Wakili akasema nikitoka nchini sasa, makaratasi yamekufa na mimi nirudi mwanzo. Binti yangu akalia, akanishika mikono, akaniambia, "Mama, tutafanyaje?" Hatukufanya kitu. Dada yangu akazikwa mimi niko Arlington nimekaa kwenye mkeka juu ya zulia.

Watu wetu walikuja, sitawasingizia. Walitoka Mansfield, walitoka Fort Worth, Watanzania na Wakenya, hata Wakongo wawili waliokuwa wakifanya kazi ghalani na jirani yetu mmoja. Walileta pilau kwenye masinia ya foili, wakasoma dua, na Wakristo wakaimba nyimbo zao, nyumba ikajaa viatu mpaka kwenye ngazi. Jumapili jioni wakaondoka, maana kesho yake kazi. Ndivyo maisha yalivyo kule, hakuna wa kumlaumu. Ila msiba wangu mimi haukujua kama kesho kuna kazi.

Jumatatu ile mchana mlango ukagongwa. Nikafungua, namwona mama wa ghorofa ya chini. Mweusi kama mimi, umri wangu au kasoro kidogo, nilikuwa namwona akitoka na viatu vyake vyeupe kwenda Mansfield kumuuguza mzee mmoja wa Kizungu. Hatukuwahi kusemezana zaidi ya kuinua mkono. Nadhani aliviona vile viatu kwenye ngazi akajua. Hakuniuliza kitu. Akavivua vile vyeupe vyake, akaingia, akakaa kwenye mkeka upande wa pili, akakunja mikono. Akakaa mpaka basi la shule likarudi. Kesho yake akaja tena. Keshokutwa alikuwa na zamu, akaja baada ya zamu, amechoka, akakaa hivyohivyo huku anasinzia.

Alikuwa Mjamaika. Kiingereza changu ni cha kuokoteza, chake kinakimbia na kuimba, kwa hiyo hatukuwa na mazungumzo marefu. Tulikuwa tunakaa. Mimi nachambua mchele, yeye anakata mboga, kwenye ngazi pale katikati, si kwake wala si kwangu. Nikitaka kusema jambo nasema Kiswahili, yeye anaitikia, "Mm." Akitaka kusema lake anasema, mimi naitikia. Mwaka mzima na zaidi tulikwenda hivyo, na katika nchi ile yote hakuna mtu mwingine niliyekuwa namsubiri.

Halafu mama yake akafa, huko kwao kisiwani. Na yeye hakuwa na makaratasi kabisa, hata ya kuyapoteza. Akitoka, harudi. Nikashuka na mkeka wangu nikakaa naye. Lakini mwenzangu hakulia. Jicho kavu. Kesho yake akavaa viatu vyeupe akaenda kazini. Kidogo kidogo nikaja kuelewa jambo lenyewe: ana mdogo wake wa kike, ndiye aliyebaki na mama yao, ndiye aliyemuuguza mpaka siku ya mwisho, na baada ya maziko alimwambia dada yake kwa simu asipige tena.

Basi akaanza kukonda. Anapika, anaonja, anafunika. Napeleka bakuli la wali, nalikuta kesho lilivyo. Shavu likaingia ndani. Mimi nimezika watu wengi na nimeona wengi wakizika, najua mtu aliyefiwa akakosa kulia anakuwaje. Nikasema huyu atamfuata mama yake, na mimi nitabaki na friji.

Ndipo binti yangu akaja na habari za meli, makaratasi yangu yametoka juzi tu. Likizo ya Desemba, zawadi yangu, nikapumzike nione bahari. Nikamuuliza inakwenda wapi. Akataja vituo vyake, na kimoja Jamaika. Nikashuka chini nikamwambia mwenzangu. Akaendelea kukata vitunguu. Hakuniomba kitu, na hilo nataka lijulikane. Ila alipomaliza kukata akaanza kunitajia majina. Kijiji. Fundi wa matairi wa pale njia panda, na mwanawe. Mama yake, na mama wa mama yake. Ndugu zake waliokufa wadogo. Mdogo wake. Kesho yake akayataja tena, na keshokutwa tena, na mimi nikawa nayarudia huku nachambua mchele, mpaka akaona yamekaa.

Kwetu hiyo inaeleweka. Mtu akifiwa simu haitoshi. Unakwenda, unakaa chini na wafiwa, unalia nao. Hata ukichelewa mwaka, siku utakayofika mnalia kama jana. Asiyeweza kwenda anatuma mtu, na aliyetumwa anakaa mahali pa aliyemtuma. Na haendi mikono mitupu. Anabeba sukari.

Mkwe wangu ndiye aliyemaliza shauri, pale pale Missouri City, huku anapakia mabegi. "Wewe nenda na mama," akamwambia mkewe. "Watoto nitawapandisha mimi hayo maji." Binti yangu akairudisha ile sukari ndani ya begi.

Ya melini sitayasema sana. Ni jumba linalotembea. Watu wanakula, wanacheza muziki, wanalala juani wamejipaka mafuta. Wajukuu wangu walipotelea kwenye bwawa la kuogelea, nikiwaita wananijibu kwa Kiingereza na kupiga mbizi. Nilipata kiti upande wenye kivuli na nikakaa siku zile nikirudia majina. Wahudumu walikuwa wananiuliza kama nina furaha. Kila mmoja akipita ananiuliza hilo. Nikawa najibu ndiyo, ili waende.

Jamaika tulifika asubuhi. Tulishuka melini kama kuku waliofunguliwa tenga, wote wamevaa kaptura na kofia, mimi nimejifunga kanga zangu nyeusi na nyeupe, nimevaa viatu vya kufunga, na sukari yangu mkononi. Palipokuwa na wapiga ngoma, mwanamume mmoja mrefu akanijia mikono wazi akaniambia karibu nyumbani. Hayo niliyaelewa. Nikasimama. Nikaweka begi chini, nikasubiri aniulize habari za nitokako, nimwambie njema, nami nimuulize za nyumbani kwake, kama watu. Akawa ameshageukia waliokuwa nyuma yangu, anawaambia vilevile.

"Mama, twende," binti yangu akasema. "Ndiyo kazi yake hiyo."

Pale bandarini ni maduka matupu. Saa za dhahabu, pombe, kofia zenye nywele za bandia zinazoning'inia. Wauzaji walikuwa wanawaita Wazungu, wanamwita hata binti yangu kwa suruali yake fupi, lakini mimi hakuna aliyeniita. Nilifanana nao mno. Mama mmoja anayesuka nywele alinitazama kwa namna ya mtu anayetafuta ni wa nyumba ipi huyu, akakosa, akarudi kwenye kichwa alichokuwa anasuka. Nilijisikia vibaya kuliko ningekuwa Ulaya. Huko ningejua mimi mgeni.

Dereva tuliyempata alikuwa mzee hasa, ana kitambaa cha kufuta jasho begani. Nikamtajia kijiji. Nikamtajia fundi matairi. Akageuka kabisa kwenye kiti.

"Unamjua?" akaniuliza.

"Simjui."

"Alishakufa huyo. Mwanawe ndiye yupo sasa."

Nikamtajia na jina la mwanawe. Yule mzee akamtazama binti yangu, binti yangu akatazama dirishani.

Njia ilipanda milima. Na kweli tulipita mashamba ya miwa, miwa kushoto, miwa kulia, nami nimepakata sukari. Dereva akauliza mfuko ule una nini, binti yangu akamwambia. Akacheka kidogo, kwa adabu, akasema bibi yake naye alikuwa na mambo kama hayo. Baada ya hapo binti yangu akalala. Kichwa kilikuwa kinagonga kioo kila kwenye kona. Nikaweka kiganja changu katikati ya kichwa na kioo. Sikuwa nimemtazama mwanangu kwa karibu namna ile miaka mingi. Nyumbani nilikuwa namwona anaingia au anatoka. Mvi zilikuwa zimeanza juu ya sikio.

Nyumba ilikuwa nyuma ya kibanda cha matairi, ina baraza, imepakwa rangi ya kijani iliyoanza kubanduka. Redio inaimba. Na kwenye baraza kakaa mwanamke na beseni katikati ya miguu. Pua ileile. Mabega yaleyale ya mwenzangu wa Arlington, ila huyu amenenepa. Na mle ndani ya beseni, mbaazi. Mbaazi mbichi anazimenya, maganda anatupa kwenye gunia. Nilikuwa sijaona mbaazi mbichi tangu nitoke Tanga.

Nikavua viatu. Nikapanda baraza, nikaweka sukari karibu na ukuta, nikajitandika kanga moja sakafuni nikakaa chini kama inavyotakiwa, nikainamisha kichwa.

Yule mama akaruka. Beseni likapinduka. Akaanza kuita watu wa jirani, maji, leteni maji, bibi wa watu kaanguka. Mtoto wa fundi matairi akaja mbio na mikono yenye grisi, akanishika kwapani aninyanyue. Mimi namsukuma, yeye ananyanyua. Binti yangu akashuka kwenye taksi anakimbia.

"Hajaanguka," akawaambia. "Ndivyo wanavyokaa kwao. Amekuja kutoa pole."

Kwao, alisema. Niliisikia, nikaiacha ipite.

"Pole ya nani?" yule mama akauliza.

Hapo nikaanza. Nikataja jina la mama yao, na la mama wa mama yao. Nikataja ndugu waliokufa wadogo, mmoja mmoja, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Nikataja jina la mwenzangu. Nikamtaja yeye mwenyewe, si kwa jina la kanisani, kwa lile la utotoni ambalo mama yao alikuwa akimwitia anapotaka kumbembeleza. Mtu wa matairi akaniachia. Yule mama akazima redio.

Nikajua sasa ni wakati wa kulia, maana mgeni ndiye anayeanza. Nikavuta pumzi, nikaanza. Akainua mkono.

"Hapana," akasema. "Hapa tulishamaliza kulia."

Nikameza. Kilio kikishaanza ukakirudisha kinauma kifuani, wanaojua wanajua. Yule mama akasema maneno mengi, haraka, huku anaokota mbaazi zake sakafuni. Nikamtazama binti yangu.

"Anasemaje?"

"Anasema asante kwa kuja."

"Maneno yote yale?"

Binti yangu akakuna shingo. "Anasema mama yao aliita jina la dada yake mwezi mzima. Anasema yeye ndiye aliyekuwa anaitikia. Na anasema umwambie dada yake ana miguu, asitume ya wengine."

Aliyefiwa ana haki ya kusema, na aliyetumwa kazi yake ni kukaa. Nikabaki pale sakafuni. Nikaokota mbaazi zilizokuwa karibu nami. Halafu nikavuta mafungu ambayo hayajamenywa, nikaanza kumenya. Alinitazama. Kidole changu kinapita kwenye mshono wa ganda namna ileile kinavyopita chake. Hakusema niache. Akakaa kwenye kiti chake, akalivuta beseni likawa kati yetu, tukamenya. Binti yangu akarudi kukaa na dereva kwenye kivuli cha gari. Tulimenya kimya, muda mrefu, na ni ajabu kusema, lakini nilikuwa kama niko kwenye ngazi za Arlington. Mtu ni mwingine, ukimya ni uleule.

Mbaazi zilipokaribia kuisha nikamwonyesha kwa mkono: kaburi. Akainuka. Lilikuwa palepale nyuma ya nyumba, limesakafiwa kwa saruji na kupakwa chokaa. Nikapiga magoti. Nikamwambia yule marehemu kwa Kiswahili, maana aliyekufa hahitaji mkalimani, nikamwambia nimetumwa na binti yako mkubwa, yule wa Arlington. Makaratasi yamemzuia, si moyo. Ameshindwa kula. Nikamtajia majina yake yote aliyonifundisha ili ajue ni yeye kweli.

Hapo ndipo kile kilio nilichokimeza kikarudi chenyewe. Nililia vibaya. Na wala sitadanganya, sikuwa namlilia yule mama wa watu. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye saruji ile namlilia dada yangu wa Muheza, ambaye kaburi lake nimelisikia kwa simu tu. Hakuna aliyetumwa kwangu kuniambia limekaaje. Nililia mpaka binti yangu akaja kusimama pembeni na saa mkononi, akaiona hali, akaificha ile saa.

Tulipokuwa tunarudi barazani yule mama alikuwa nyuma yetu. Akaniuliza kitu kifupi. Hicho nilikielewa mwenyewe.

"Anakula?"

"Kidogo," nikamwambia. "Kidogo sana."

Akaitikia, "Mm." Akaingia ndani. Akatoka na mbaazi kwenye mfuko wa nailoni, akanitia mkononi. "Zako," akasema, na akanionyesha kwa kidole ili nisikosee. "Zako wewe. Si zake." Sukari yangu aliibeba akaiingiza ndani. Hakunisindikiza mpaka garini.

Bandarini mlinzi alinizuia getini, alidhani nimetoka mjini naingia kuuza kitu. Binti yangu akatoa kadi zetu za meli, na sauti yake ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika. Halafu akanishika mkono mpaka ndani, kama mtoto anayevushwa barabara, na sikujua kati yetu nani ndiye mtoto. Siku ile jioni alikaa nami kwenye upande wenye kivuli, na kesho yake vilevile kidogo. Tulipofika nyumbani zamu zikamchukua tena.

Zile mbaazi hazikufika. Pale Galveston afisa aliuliza nimebeba nini, nikamwonyesha. Alikuwa kijana mpole, akaniambia samahani bibi, vitu vibichi haviingii, akavitia kwenye pipa taratibu kama anaweka mayai.

Nilipofika Arlington nilishuka chini kabla sijafungua begi. Mwenzangu alikuwa amevaa sare ya kazi, amekaa kitandani kama mtu aliyekuwa anasubiri basi. Nikakaa sakafuni, nikamweleza kwa Kiingereza changu kibovu na kwa mikono. Baraza. Rangi ya kijani. Fundi matairi mzee kafa, yupo mwanawe. Kaburi limepakwa chokaa, halina nyasi. Niliyotukanwa nayo nikamwambia pia. Kwetu aliyetumwa msibani hapunguzi wala haongezi. Nikamwambia, amesema una miguu.

Akatingisha kichwa. Jicho kavu vilevile.

"Hakuniulizia?" akasema.

"Aliuliza jambo moja."

"Lipi?"

"Aliuliza kama unakula."

Akaniangalia. Kisha akateremka kitandani akakaa chini na mimi, na akalia. Nimesikia vilio vingi. Kile kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu, kilitoka na sauti ya kitu kizito kinachoburutwa. Nikamshika. Siku ile hakwenda Mansfield. Jioni alikula wali wangu, akamaliza, akapangusa bakuli kwa kidole.

Nilifurahi, nani asingefurahi. Alianza kunenepa. Alianza kuimba akifua. Sikuyaona yanayokuja mpaka nilipoona maboksi mlangoni kwake, maboksi ya ndizi ya dukani, amepanga vyombo ndani. Makaratasi hakuyapata, wala hakuyasubiri tena. Alikuwa anarudi kwao moja kwa moja. Akajigonga mapaja kunionyesha: miguu. Akacheka, nami nikacheka.

Siku ya kuondoka alipanda ngazi kuniaga. Alisimama mlangoni na viatu vya safari, vile vyeupe alikuwa ameshamgawia mtu. Binti yangu alikuwa kazini, watoto shuleni. Gari ikapiga honi chini, akashuka. Chumba chake wakaingia vijana wawili, nimewasalimia mara nyingi.

Alinipigia simu baada ya wiki kadhaa. Mjukuu alipokea, akaniletea. Nikasikia jina langu, nikajua ni yeye. Nikamwitikia. Akaitikia. Nikamuuliza mdogo wake hajambo, akasema hajambo. Akaniuliza watoto, nikasema wazima. Basi yakawa yameisha. Mimi na yeye urafiki wetu ulikuwa wa kukaa, na kwenye simu hakuna pa kukaa. Nilisikia anapumua. Nyuma yake nikasikia kitu kinadondoka kwenye beseni, kimoja kimoja, na sauti ya mwanamke mwingine ikimwita aje.

"Haya," nikamwambia kwa Kiswahili.

"Mm," akasema.

Nikaendelea kuishika simu mpaka mjukuu akaitoa mkononi mwangu, akaniambia, bibi, ameshakata.